Mwanasiti, Funga Mlango

Omari, rafiki yangu,

Gari lako li hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza, kisha watoto, kisha mkeo, na mimi ungenikumbuka ukishamaliza chai. Watoto hawajambo. Mimi bado nafua mashuka kule kule hotelini Diani, ingawa wageni wa kuyalalia siku hizi wamepungua.

Ulipolala usiamke, safari ya kazini ikawa safari tu. Mimi, Mama Saumu wa jikoni na Kamau wa baa tulirudi kwenye magari ya abiria, kila mtu na dirisha lake, kimya kutoka Msambweni mpaka Ukunda. Nani angeniambia kwamba nitakuja kulilia lile gari kuukuu la bluu, lililokuwa likitutoa jasho hata kabla ya kazi kuanza?

Siku za kwanza nililionea haya, nakwambia kweli. Mtu mzima, shati limepigwa pasi, nimeinama nyuma ya gari nalisukuma, nawe umekaa kwenye usukani kama bwana harusi. "Msinung'unike," ulikuwa ukisema. "Huyu ni mkubwa wenu, na mkubwa haamkiwi mtu kasimama wima." Ikawa desturi. Tukiinama kusukuma, sote kwa pamoja: "Shikamoo!" Injini ikikohoa na kushika, wewe unaitikia kwa sauti ya bibi kizee, "Marahaba, wanangu, pandeni." Sisi watu wa bara hata watu hatukuzoea kuwaamkia hivyo, sembuse mabati.

Unakumbuka Kamau aliponunua lake lililotoka Japani? Vioo vyeusi, redio ya kucheza diski, na ndani sauti ya mwanamke anayesema Kijapani kila mlango ukifunguliwa. Alilileta kwako makusudi aturingie. Ukatia kichwa ndani, yule mwanamke akasema yake, nawe ukamjibu kwa adabu zote, "Waalaikum salaam, mwanangu. Wazee hawajambo huko?" Mama Saumu alikaa chini kwa kucheka. Gari lile lilipokuja kuzimika na hakuna fundi aliyejua linaumwa wapi, ulimfungulia Kamau mlango wa nyuma bila kumsuta. Haya, ulimsuta, lakini mpaka Gazi tu.

Ninachotaka kukuandikia hasa ni ile kaseti. Ilinasa kwenye redio ya gari kabla sijakujua, ikawa ndiyo muziki wetu wa kwenda na wa kurudi, tupende tusipende. Ulizirekodi nyimbo zile mwenyewe nyumbani, umeweka kinasa sauti mbele ya redio na kidole kwenye kitufe. Na katikati ya ule wimbo wa taarabu, mwimbaji anapopandisha sauti, unaingia wewe: "Mwanasiti, funga mlango, narekodi!" Halafu mlango unasikika ukibamizwa, paa! Upende usipende, mkeo alikufungia. Kila ilipofika pale tulikuwa tunapiga kelele pamoja nawe, sote wanne, mpaka wenye baiskeli wanageuka kututazama.

Basi mkeo alipotoka eda aliniita. "Shemeji Musyoka," akasema, "kaka yake Omari ashapatana na watu wa vyuma chakavu. Waja Jumamosi walikate. Sina la kusema, gari haliendi. Lakini sauti yake imo mle." Nilimpeleka fundi aitoe kaseti. Akaitazama kwa tochi, akatikisa kichwa, akasema ukanda umejizungusha kwenye mashine na ukivutwa utakatika vipande vipande. Kwa hiyo kama gari linakwenda kukatwa, nawe unakwenda nalo. Nilimwendea kaka yako. Yeye si mtu mbaya, amechoka tu na kile kibanda cha kuku kilichokuwa gari. Akaniambia, "Likitoka uani kwa injini yake, sitakuwa na neno."

Tulihangaika nalo jioni baada ya kazi. Kuku tuliwafukuza, kabureta tukaisafisha, betri nikaazima. Fundi akalitia stata iliyotoka kwenye gari jingine la umri wake. Jumamosi asubuhi nikaketi penye kiti chako, nikazungusha ufunguo. Likashika papo hapo. Omari, kwa ufunguo!

Nikageuka niwaambie wenzangu wapande, siwaoni. Walikuwa nyuma, wameinama, Mama Saumu na Kamau, wanasukuma gari ambalo tayari linanguruma. "Shikamoo!" Nami kwa mshtuko nikaachia klachi. Gari likaruka nje ya geti, Mama Saumu akabaki mchangani kwa magoti. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha kicheko kikaisha, na hakuna aliyeitikia marahaba. Hapo ndipo nilipolia, mikono yote miwili kwenye usukani wako.

Nikalirudisha uani ili kaka yako alione vizuri. Watu wa vyuma walikuwa wameshafika, wamesimama na misumeno yao. Mwanasiti alikuwa kizingitini. Nikawasha redio. Ukanda ulikwaruza kidogo, halafu ule wimbo. Ulipokaribia pale petu nilimwona Kamau ameziba mdomo kwa mkono, asije akapiga kelele kwa mazoea. Tukakuachia wewe peke yako.

"Mwanasiti, funga mlango, narekodi!"

Kaseti ikabamiza mlango wake wa siku zile. Mkeo akajifunika uso kwa leso. Kisha akarudisha mkono nyuma, akauvuta mlango wa nyumba polepole, akaufunga bila kutoa sauti, vile ulivyotaka siku ile. Akasimama hapo mpaka wimbo ukaisha. Kaka yako akaenda kuzungumza na wale watu, wakaondoka na misumeno yao.

Sasa tunakwenda nalo kazini tena; stata ni nzima, lakini asubuhi bado tunasukuma. Kamau ndiye anayeitikia marahaba, kwa lafudhi mbaya mno, ungemfukuza. Nakuahidi kaseti hiyo haitaguswa na mtu, na kila Ijumaa nikitoka kazini nitapita nalo uani kwako, niache injini ikinguruma mpaka wimbo uishe.

Nimekukosa, bwana. Mungu akulaze mahali pema. Rekodi kwa raha zako, mlango umefungwa.

Wako,
Musyoka