Tundu la Darini, Kinole

Dada Rukia, shikamoo. Huku Kinole mvua imekatika na mji mzima unanuka mdalasini, lakini chakula cha jioni kimenishinda.

Mwenyeji wangu, Bi Mwanahawa, alimwita fundi azibe kwa saruji tundu la darini. Mna popo wadogo wanaokula mbu, kama wale wa kwetu Pemba. Binti yake Salma hajamaliza arobaini ya uzazi, na Bi Mwanahawa alihofia kichanga kudondokewa na uchafu. Magharibi popo walipotoka kuwinda, fundi akapanda ngazi na karai lake. Nami nikapanda, nikamulika ndani, nikaganda. Kenchi nzima ya paa ilijaa vitoto visivyo na manyoya, vimening'inia, vinalia.

"Mama zao wako nje," nikasema. "Tukiziba, hawa wanakufa."

"Popo ni popo," akajibu Bi Mwanahawa. "Fundi, ziba!"

Salma akatoka chumbani na mtoto wake titini. Akasimama chini ya ngazi, akasikiliza.

"Fundi, shuka. Wakishajua kuruka, utaziba."

"Na uchafu, mwana wewe?"

"Tutafunga turubai juu ya kitanda, mama."

Tumelifunga. Popo wamerudi, darini kumenyamaza.

Wabusu watoto wote, dada, hata yule mtukutu.

Nduguyo, Maryam