Kompyuta Iliyonizuia Kurudi Korogwe

Dada Zuhura,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ule mguu wa kulia wa Baba haujavimba tena. Wanao, wajomba zangu, je, wameshaizoea shule ya hapo Korogwe au bado wanalilia Mtwara? Mimi mwili ni mzima. Huku Ileje ukungu umetukalia wiki nzima, nguo hazikauki, na moyo nao hauna nafuu.

Ningekupigia simu, lakini nakujua. Ukiona jina langu unaweka spika ili Baba naye asikie, na haya nataka uyasome peke yako. Uhamisho wangu umekataliwa, dada. Siji.

Najua ulivyoiacha nyumba yako Mtwara, ukamwacha shemeji na kazi yake ya ghala la korosho, ukaja kumuuguza Baba alipopata kiharusi. Mimi ndiye niliyekuahidi kwamba nitahamia huko nikupokee, wewe urudi kwako. Umenisubiri bila kunisimanga hata siku moja. Kwa hiyo acha nikueleze ilivyokuwa, usije ukadhani nilikaa tu.

Tangu mwanzo mkuu wa shule aliniambia mwalimu wa Fizikia hapa ni mimi tu, hawezi kupitisha barua yangu watoto wakabaki wanatazama ubao mtupu. Nikamuuliza, "Je, mkuu, nikiwaachia masomo yenyewe?" Akacheka. "Ukiweza hilo, nenda na baraka zangu." Nikalishika neno lile kwa mikono miwili.

Nikaagiza kompyuta ndogo, unaweza kuifunika kwa kiganja. Nikashuka Tunduma, mpakani na Zambia, kutafuta betri ya sola na nyaya. Muuzaji akanisalimia kwa Kibemba, nikabaki nimemtumbulia macho mpaka akanihurumia akarudi kwenye Kiswahili. Hiyo kompyuta nikaifanya seva ya shule. Inatoa mtandao wake yenyewe, hauhitaji bando, na mwanafunzi akishika tableti ya shule darasani anafungua vitabu, maswali na masomo niliyojirekodi mwenyewe, mada baada ya mada, mpaka koo likaniwasha. Wanafunzi wameifurahia sana, maana sasa nikiwachosha wananizima.

Majirani ndio walioninunia. Wanaona mtandao umejaa kwenye simu, wanajiunga, halafu hawawezi kumpigia video mtu wao hata wa hapo ng'ambo Zambia. Mama mmoja alinifuata mpaka mlangoni. "Mwalimu, umetufungia. Unatumia peke yako, eti?" Nilimweleza kwamba mle ndani mna masomo tu. Hakuniamini, na mpaka leo salamu yangu anaiitikia kwa pembeni.

Basi, nikamfundisha Mwalimu Atupele, mwenzangu wa Hisabati, namna ya kuitunza. Anashika haraka yule binti. Alipoiva, nikapeleka barua yangu ya uhamisho. Wiki hiyohiyo yeye akapata wa kwake, akahamia Saza kumfuata mumewe anayefanya kazi machimboni. Alikuja kuniaga uso umemng'aa, nikampa mkono na hongera, kisha nikaenda maabara nikajifungia. Nilimwonea wivu, sitakuficha.

Mvua zilipozidi, jua likawa haba, betri ikakata moto ghafla na memori kadi ikaharibika. Seva ikafa kabisa. Nilikuwa na nakala ya kila kitu, nikaifufua, ila niliifufua mbele ya mkuu wa shule na wageni wa wilaya waliotoka Itumba kuja kuiona. Walipiga makofi. Kesho yake akaniita ofisini, barua yangu iko mezani.

"Mwalimu, hiki kidude kikilala tena, nani atakiamsha?"

"Nitamwelekeza mwingine, mkuu."

"Si ulimwelekeza Atupele? Yuko wapi?"

Akaisogeza barua upande wangu taratibu. "Najua una mgonjwa nyumbani, na inaniuma. Lakini hawa watoto wana nani?"

Ningeweza kumchukia ningepata nafuu. Shida ni kwamba hakusema uongo. Siku iliyofuata nilisimama mbele ya ile kompyuta nimeshika waya wake, nikawaza niuchomoe tu hivihivi, niiharibu na nakala yake, niseme safari hii haifufuki. Chumba cha pili watoto walikuwa wananisikiliza kwenye tableti nikiwaeleza habari za kani na mwendo. Mmoja akasema, "Hebu mrudishe nyuma mwalimu, sijamwelewa." Nikauachia waya nikatoka.

Sasa nisikilize, dada. Usinisubiri tena. Shemeji ni mvumilivu, lakini naye ni mtu, na watoto wanamhitaji baba yao. Shule ikifungwa nitakuja kumchukua Baba nikae naye huku. Nyumba ninayopanga ina chumba kinachopata jua la asubuhi, na mama mwenye nyumba amekubali kumwangalia nikiwa darasani. Najua Baba atakavyopokea. Amesema mara ngapi kwamba hatalala mbali na kaburi la Mama? Mimi nitamtoa hapo wakati hana hata nguvu ya kusimama anikatalie, na hilo linaniuma kuliko kunyimwa uhamisho.

Nakuomba umwambie wewe. Nikianza mimi nitalia, naye atanibembeleza, na safari itaishia hapohapo kitandani kwake.

Msalimie shemeji, umwambie mkewe anarudi. Wasalimie wajomba zangu, na shangazi anayekusaidia kumgeuza mgonjwa, Mungu amlipe. Salamu za Baba mpe mwisho kabisa, baada ya kumweleza. Akizipata kwanza atadhani nakuja kukaa.

Mdogo wako,
Rajabu