Bustani Uliyoiacha kwenye Nyumba ya Mzungu

Mama yangu,

Juma lililopita nimerudi kule kwenye nyumba ya mzungu wa ng'ombe, ile tuliyojificha wakati wa vita. Nimekwenda na wamama wa kanisa letu hapa Kindu, ndani ya lori, sote tumevaa kitambaa kimoja. Siku hizi inatembelewa. Kuna mwongozaji anayeonyesha zizi, baraza ya matofali na bustani ya maua. Wenzangu walikuwa wanapiga picha. Mimi nilichungulia kila mlango: tulilala hapa ao pale? Na ule mlango wa bluu, ulikuwa wa jikoni? Unanijua, jicho langu halitulii.

Unakumbuka tulipofika? Ulianza kwa kung'oa maua ya roza, ukapanda mboga za lenga-lenga. Wakimbizi wenzetu wakaingiwa na woga.

"Mama Ngalula, mwenye nyumba akirudi?"

"Akirudi, tutamupikia," ukajibu bila kuinua kichwa. Nacheka mpaka leo.

Ila hukuacha kuangalia barabara. Baba, na kazi yake ya reli, alikuwa amekwama upande wa Kibombo, nawe ulikuwa umemtumia habari kwamba tuko pale. Bunduki ziliposogea tukakimbilia Kalima, ukilia njia nzima: "Atafika, atakuta nilimuacha." Vita ikaisha, Baba hakuonekana. Ukazeeka na neno hilo. Hata hospitalini, siku zako za mwisho, uliniuliza, "Unazani alinikasirikia?" Nilikupangusa uso tu.

Basi sikiliza. Mwongozaji alipokuwa anasimulia habari za mzungu na ng'ombe wake, niliponyoka nikaenda nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mama mmoja mzee anauza ndimu. Nikamuuliza kama alikuwepo wakati wa vita. Alikuwepo; miguu ilikuwa inamuuma, hakuweza kukimbia. Nilipotaja jina lako akaniangalia sana.

"We ndio mutoto wa ule mama wa lenga-lenga?"

Akanieleza. Sisi tulipokwisha kuondoka, alikuja mwanaume amekonda, kofia ya reli kichwani, anatafuta mke wake. Waliobaki wakamwambia tumekwenda, hawajui wapi. Alifikiri wanamdanganya, mpaka alipoona matuta yako ya mviringo, yale Baba aliyokuwa anayaita masahani ili akutanie. Hakuna mwingine anayelima vile. Akabaki pale kutungojea, anapalilia, anamwagilia maji, mpaka homa ikamchukua. Walimzika kwenye ukingo wa bustani. Mama, wageni wanapita karibu yake kila siku na hakuna anayejua.

Nilikaa chini na kitambaa changu kipya, nikamuuliza lile swali lako: alikasirika?

"Akasirike nini? Alituuliza kintu kimoja tu: watoto walikuwa wanakula? Tukamuonyesha lenga-lenga venye ilikuwa mingi. Akasema, 'Basi bibi yangu alifanya muzuri kwenda.'"

Nililia mbele ya wamama wote, wala sikuona haya. Lala sasa, Mama. Mwezi ujao nitarudi peke yangu, na jembe, nikapalilie pale alipo.

Mimi,
binti yenu mkubwa