Masale ya Mpaka wa Baba

Tengeru, upande wa mlimani
9 Februari 1913

Kaka yangu mpendwa Nathanaeli,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kilichokusumbua hapa nyumbani wakati wa Krismasi kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Mama mguu unamuuma asubuhi tu. Jua likipanda anatembea na kugomba kama kawaida yake. Mfereji haujakauka, migomba haina neno, na yule mbuzi mweupe amezaa mapacha. Barua hii anaileta Msafiri, mume wa Batuli, anayepita Kikatiti kuja huko kwako Moshi na mizigo ya nguo. Mpe chakula, maana kwangu alikataa kila kitu.

Barua yako nimeipata. Unasema nimekuaibisha, habari zangu zimefika mpaka kwa walimu wako, na kwamba niende upesi kwa Bibi Lautner wa shamba la jirani nikiwa na jani la isale mkononi nikaombe radhi. Nimeisoma mara mbili. Siendi. Lakini kwa kuwa wewe uliyasikia kwa watu, na watu hawachoki kutia chumvi, nitakueleza mwenyewe tangu mwanzo, halafu uamue nani amemwaibisha nani.

Chama chetu cha bustani unakijua. Mke wa mchungaji ndiye aliyekianzisha, nasi tuko wanawake tisa, kila mmoja na matuta yake. Jumamosi tunazunguka kukaguana, na sheria ni kwamba huruhusiwi kuisifu bustani ya mwenzako kabla hujang'oa gugu moja. Tabea, unamjua alivyo na mdomo, huja na kamba ya mgomba kupima kabichi zangu, kisha husema kamba imelegea. Batuli hutembea alfajiri kutoka mjini Arusha. Mwanzoni mke wa mchungaji alisitasita kumpokea kwa kuwa ni Mwislamu, lakini alipoziona nyanya zake akamwandika jina. Mwaka huu nilinyunyiza majivu kila jioni kuwafukuza viwavi, nikajaza samadi ya mbuzi, na kabichi yangu moja ikanenepa mpaka Mama akasema inamtisha.

Basi siku ya sikukuu ya kuzaliwa Kaisari wa Wajerumani tukaenda kwenye maonyesho pale chini ya boma. Tuliondoka kabla ya jua, mizigo kichwani, kabichi zimefungwa majani ya mgomba zisinyauke. Mabibi wa Kizungu waliwekewa meza ndani ya hema. Sisi tukawekewa meza juani, tukashinda tukizinyunyizia mboga maji kwa vidole. Daktari mmoja mwenye ndevu nyekundu alipita akipima karoti kwa utepe, na mimi nikapewa zawadi ya kwanza ya kabichi, kopo jipya la kumwagilia maji. Sikufichi, nilifurahi sana. Tabea alisema daktari naye kamba yake imelegea.

Mke wa mchungaji akatuita tuingie hemani tukajifunze jinsi wenzetu wanavyopanga maua. Nikaingia. Meza ya Bibi Lautner ilikuwa mbele kabisa, na juu yake vyungu saba vilivyopakwa chokaa, na ndani ya kila chungu isale limesimama. Walikuwa wamempa zawadi ya kwanza ya mimea ya majani, na utepe wa bluu umefungwa kwenye isale la katikati.

Labda huko shuleni mmeanza kusahau, kwa hiyo nikukumbushe. Isale haliwekwi mezani. Isale ndilo linalosema hapa ni kwangu na pale ni kwako, na halihamishwi hata na adui. Ni isale tunalolipanda kichwani pa marehemu. Na ukimkosea mtu, ukafunga fundo kwenye jani lake ukamkabidhi, mtu huyo hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Bibi Lautner hakuyajua hayo. Aliona majani mazuri tu, na kwa hilo simlaumu sana.

Lakini masale yale niliyafahamu. Moja limepinda shingo kwa sababu mbuzi alilila changa, Baba akalifunga kijiti na halikunyooka tena. Yalikuwa masale ya mpaka wetu wa chini, Nathanaeli, saba kwa hesabu, na lile lililopinda ndilo lililo kichwani pa baba yetu Kisioki, tuliyemzika pale mpakani. Mwanzoni mwa Januari Bwana Lautner aliyang'oa, akalima mpaka ng'ambo ya kaburi, akapanda kahawa. Mama alipokwenda kulalamika bomani, Lautner akamwambia bwana shauri, mkuu wa boma, kwamba pale hapakuwa na mpaka wowote, palikuwa na nyasi tu. Kumbe mke wake aliyaonea huruma yasikauke, akayatia vyunguni, akayaleta mbele ya bwana shauri huyo huyo yakapewa zawadi.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni sikusikia kitu. Kisha nikalitua lile kopo langu chini, nikakichukua chungu chenye isale lililopinda, nikajitwika, nikatoka. Tabea akaniuliza naenda wapi, nikamjibu nampeleka Baba nyumbani. Naye akajitwika chungu cha pili. Batuli, ambaye isale kwao si kitu, akajitwika cha tatu. Tukapita katikati ya watu, tukampita askari langoni. Alitupisha. Nani atamsimamisha mwanamke mweusi aliyebeba mzigo wa bibi wa Kizungu? Wametuzoea hivyo. Tulifika karibu na Tengeru ndipo wakagundua.

Yaliyofuata unayajua. Mchungaji amenizuia Meza ya Bwana, na mke wake amenitoa kwenye chama. Wazee nao walikuja, wakasema niende na isale kwa yule bibi mambo yaishe. Niliwajibu kwa heshima kwamba isale ni la aliyekosa kumpa aliyekosewa, na mimi bado nangoja la Bwana Lautner. Mchungaji akanikumbusha ya Kaisari apewe Kaisari. Nikamwambia nimekubali, na ya Kisioki apewe Kisioki. Jumamosi iliyopita chama kilikutana kwangu bila mke wa mchungaji. Walikuja wote, kila mmoja akang'oa gugu lake, na Tabea akapima kabichi.

Masale matatu nimeyarudisha mahali pake, nikang'oa miche ya kahawa iliyokuwa inanizuia. Ndiyo, niliing'oa kwa mikono yangu, mchana, na Bwana Lautner alikuwa anatazama.

Juzi nikaitwa bomani. Bwana Lautner alisema masale yale yalitoka porini. Nikamwambia bwana shauri atume mtu ahesabu mashimo ya masale pale mpakani. Hapo Bwana Lautner akatoa karatasi, akasema mpaka ulikwisha kukubaliwa tangu Desemba, na shahidi ni mtu wa nyumba yetu tena msomi. Akanisogezea karatasi ile jinsi mtu anavyomwonyesha mbuzi kitabu. Maneno yalikuwa ya Kijerumani, lakini jina halina lugha. Nathanaeli Kisioki. Na ile N yenye mkia mrefu, ambayo wewe mwenyewe ulinifundisha kwenye kibao changu, ukinipiga vidole nikiikosea.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sijui ulipewa nini. Kama uliahidiwa shule ya kufundisha, sema. Kama uliogopa tu, sema vilevile, nami naweza kumwelewa mtu aliyeogopa. Lakini ulikula nasi siku zote zile za Krismasi, ukakaa karibu na Mama ukimsomea Injili, na karatasi ulikuwa umekwisha kuitia mkono. Halafu unaniandikia mimi barua ya aibu.

Sasa na mimi nitubu la kwangu. Bwana shauri aliniuliza kama huo ni mwandiko wa kaka yangu. Nikasema sio. Nilisema uongo bomani, kaka, mimi niliyekataa kuomba radhi kwa ajili ya ukweli. Ulimi uliniponyoka kwa sababu ni wewe. Akasema, basi, shauri litasikilizwa tena Jumatatu ya tarehe ishirini na nne, na wewe utaitwa. Nimelala na uongo huo siku mbili na unanichoma. Jumatatu hiyo nitaufuta mbele ya wote, nitasema mwandiko ni wako na yaliyoandikwa si kweli. Naona ni heri wayasikie kwako kuliko kwangu.

Mama hajui. Anadhani unakuja kunionya, na amekutengea mkungu wa ndizi karibu na jiko. Kwa hiyo njoo. Ila nakuomba jambo moja, nalo ndilo lililonikalisha kuandika leo siku ya Bwana: usije na isale. Nakujua wewe. Utalifunga fundo lake vizuri, utanikabidhi mbele ya Mama, nami sitakuwa na njia ya kukataa, itanibidi nikusamehe palepale mlangoni. Sitaki kukusamehe bado. Njoo mikono mitupu, tupande bomani pamoja, useme ulilofanya huku wao wanasikia na mimi nasikia.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama blanketi lake linakutosha. Tabea anakusalimu. Wote wa nyumbani wanakuombea safari njema, na mimi pia, kwa kweli, ninakuombea.

Ni mimi mdogo wako,
Anyesi binti Kisioki