Ujumbe Wako Nilioupotosha

Kijiji cha Watuwair,
Sikka, Flores.
12 Novemba 2014

Mpendwa kaka Lambertus,

Pokea salamu zangu nyingi, na tafadhali uzipokee ukiwa umekaa. Hujambo huko Tawau, ng'ambo ya bahari? Mgongo unaendeleaje? Petrus, aliyerudi mwezi wa sita kutoka shamba la michikichi mnakofanya kazi, alituambia unavaa mkanda mpana kiunoni lakini bado unawashinda vijana kwa kuangua matunda. Shemeji Melania hajambo? Watoto je, wote wawili wanasoma? Natumaini barua hii inawakuta mkiwa na afya njema.

Sisi huku tunapumua. Mvua imechelewa, mahindi tumeyapanda kwenye vumbi tupu. Karafuu zimezaa vizuri. Binti yangu Renata amemaliza uuguzi na amepata kazi mjini Maumere. Mjomba Yosef ameng'olewa meno yote ya mbele, na bado anatafuta mchumba.

Kaka, tangu nirudi kutoka huko nimekuandikia barua tatu tu, zote fupi. Hii ni ndefu kwa sababu ina jambo nililopaswa kukuambia miaka ishirini na mitano iliyopita. Nimeianza mara nne na kuichana. Leo naimaliza.

Ile siku ya mwaka 1989 uliponisindikiza bandarini, mimi nikiwa mgonjwa wa malaria, ulinipa ujumbe kwa mchumba wako. Maneno yako ninayo mpaka leo. Ulisema, "Vitalis, mwambie Odilia asichoke. Nakuja kabla ya Pasaka, na pembe ya ndovu aliyoitaka baba yake kwa mahari nimeshaipata. Sema hivyo hivyo, usiongeze wala usipunguze."

Sikusema hivyo. Nilifika kwa baba yake, Mzee Markus, nikakaa mkekani, nikainamisha kichwa kama mtu anayewahurumia, nikasema, "Lambertus ameoa huko. Mke wake ana mimba." Odilia alikuwa nyuma ya ukuta wa mianzi. Nilisikia mtambo wake wa kufumia nguo ukinyamaza.

Halafu wewe nikakuandikia kwamba Odilia amekukataa, kwamba hawezi kumsubiri mtu asiyejulikana atarudi lini. Ukanijibu kwa mstari mmoja: "Sawa. Msalimie." Sikumsalimia. Oktoba mwaka huohuo nikamwoa.

Nilikuwa nampenda tangu kabla hamjachumbiana. Nakuambia ujue tu. Hilo halinipunguzii kosa.

Tangu hapo hukurudi tena kijijini. Hata mama yako, mama mkubwa Agnes, alipofariki mwaka 2003 hukuja, na watu walisema mtoto wake ana moyo wa jiwe, hata mama amemtupa. Mimi nilikuwa nimebeba jeneza upande wa kichwani. Niliwasikia, nikawaacha waseme. Katika yote niliyokutendea, hili ndilo linalonifanya nishindwe kujitazama kwenye kioo ninaponyoa ndevu.

Kwa miaka kumi na saba nimekuwa katekista wa kigango chetu. Nimewafundisha watoto wa komunyo ya kwanza kwamba dhambi iliyofichwa haiungamwi nusu nusu. Mimi mwenyewe kila Kwaresima nilikuwa napiga magoti mbele ya padre nikitaja hasira, uvivu, pombe, kisha nasimama. Hii moja nilikuwa naizunguka kwa mbali, kama mtu anavyolizunguka shimo.

Na watu wakawa wanasema, "Mwalimu Vitalis kabarikiwa." Mke mwema, watoto wanne, nyumba ya vigae, karafuu. Nami nikaamini, kaka! Nilijiambia kama Mungu angekuwa amekasirika angeshanipiga. Kwa kuwa hakunipiga, basi amelisahau. Nilikuwa napokea kila mavuno kana kwamba ni barua ya msamaha.

Mwaka huu ndoa yetu ilitimiza miaka ishirini na mitano, na kigango kikapanga kutufanyia jubilei. Ijumaa moja mwishoni mwa Septemba ukoo ulikutana kwangu kupanga misa na kugawana mchango wa nguruwe wa sherehe. Mzee Markus sasa ana miaka themanini na minne, lakini sauti bado ni ileile. Alisimama, akanishika bega mbele ya wote.

"Mnamwona huyu?" akasema. "Angeweza kumficha ndugu yake. Damu yake mwenyewe! Lakini alikuja kwangu na ukweli, akamwokoa binti yangu na mwongo. Ndiyo maana Mungu amembariki. Siku ya jubilei nataka hilo lisemwe kanisani, watoto walisikie."

Wakapiga makofi. Odilia alikuwa anagawa mihogo na samaki. Alinitazama, akatabasamu. Nikatoka nje kama mtu anayekwenda msalani, nikakaa nyuma ya zizi mpaka walipomaliza kula.

Kesho yake asubuhi nilishuka kwenda parokiani. Padre wetu, Padre Sirilus, ana miaka thelathini na mmoja. Angeweza kuwa mwanangu. Nikapiga magoti nikamweleza yote, pamoja na mazishi ya mama mkubwa.

"Mwalimu," akasema, "umekuja kuomba nini?"

Nikamwambia, "Padre, naogopa Mungu ataniondolea baraka zangu."

"Baraka zipi? Nyumba? Karafuu? Hizo hata asiyemjua Mungu anazo. Baraka unayoitaja wewe hujawahi kuipata hata siku moja, maana hujawahi kuiomba. Iombe leo."

Basi nikaiomba. Nililia kama mtoto, kaka, mzee mzima wa miaka hamsini na mmoja. Akanipa maondoleo. Sala za kitubio hazikuwa nyingi. Alisema tu, "Mungu amekufutia. Sasa nenda ukamwambie mkeo, na ukamwambie ndugu yako, kwa mdomo wako au kwa mkono wako. Usimtume mtu."

Nilidhani nitatoka mle nikiwa mwepesi. Haikuwa hivyo. Nilitoka na aibu kubwa kuliko niliyoingia nayo. Ila hofu ilikuwa imekwisha. Miaka yote ile nilimwogopa Mungu bila kujionea haya. Siku ile nilijionea haya, na kwa mara ya kwanza sikutamani kumkimbia. Sijui kama naeleweka.

Jumapili baada ya misa nilimwambia Odilia. Alikuwa barazani anafuma, mkanda wa mtambo ukiwa kiunoni. Nilimwambia yote, hata viatu vyekundu ulivyomtumia kwa mkono wangu, kwamba nilivitupa baharini kabla meli haijatia nanga.

Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Vilikuwa namba ngapi?"

Nikasema, "Thelathini na saba."

"Ndiyo namba yangu," akasema. Akafungua mkanda, akakunja kazi yake, akaenda kwa baba yake.

Nilimfuata mzee jioni ileile nikamwambia mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ulikula chumvi yangu miaka ishirini na mitano," akageuza uso ukutani. Mpaka ninapoandika hajanisemesha, na simlaumu.

Jubilei ikafutwa. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikasema sababu, nikasema pia kwamba Lambertus hakuwa mwongo, na kwamba hakuja kumzika mama yake kwa sababu mimi ndiye niliyeifunga njia ya kwao. Nikarudisha funguo za kigango. Sasa nakaa benchi la nyuma pamoja na wanaochelewa.

Kijiji, unakijua. Nikipita dukani kwa Hendrikus utasikia, "Jamani nyamazeni, Mjumbe kafika! Mjumbe, Tawau wanasemaje leo? Lambertus kaoa mara ngapi?" Watu wanacheka. Hata watoto niliowafundisha wanaitikia "Mjumbe! Mjumbe!" Mara ya kwanza nilirudi nyumbani bila chumvi. Siku hizi nanunua chumvi yangu nawaaga.

Odilia alirudi baada ya siku ishirini na tatu. Alipanda kutoka kwa baba yake na vijiti vya mtambo wake kichwani, akavipanga barazani kama kawaida. Mimi nilikuwa nimesimama tu, sijui nimpokee au nimpishe. Akasema, "Baba Renata, nimerudi nyumbani kwangu. Kwako bado sijarudi." Analala chumba cha Renata. Chakula tunapika pamoja, tunakula pamoja, na ananiuliza kuhusu mbuzi. Zaidi ya hapo sidai.

Sikuandikii ili unirahisishie. Najua una shemeji na watoto, na maisha yako uliyajenga kwa mikono yako. Nilikuibia miaka ambayo siwezi kuirudisha, na nilimwibia mama mkubwa mwanawe. Nakuomba msamaha. Usipotaka kunipa, ni haki yako, nami sitakulaumu. Ila usiache kuja kwenu kwa ajili yangu. Kaburi la mama nimelifyeka, na watu wote sasa wanajua wewe ni nani. Ukija, nitakaa mbali mpaka uniite.

Kaka, nikikuambia nimebarikiwa utanicheka, kwa jinsi nilivyo sasa. Lakini zile karafuu niliziita baraka, na hazikuwa baraka. Heri ni kusimama mbele za Mungu ukiwa huna cha kuficha, naye asikufukuze. Nimeijua nikiwa nimechelewa sana, na gharama yake mmelipa ninyi.

Wasalimie Shemeji Melania na watoto, na Petrus akirejea huko mpe salamu. Mjomba Yosef na Renata wanakusalimu. Mungu akulinde huko juu ya michikichi, akupe afya ya mgongo, na awape wanao ndugu waaminifu kuliko niliyekuwa mimi.

Nabaki mdogo wako, mwenye aibu nyingi na upendo ambao sikuutunza,

Vitalis

Odilia ameomba nafasi hapa chini. Nampa kalamu.

Kaka Lambertus, ni mimi Odilia. Barua hii nimeisoma yote, hakuna uongo ndani yake. Mimi sikukukataa. Mungu amekwisha kumsamehe. Mimi bado niko njiani. Na wewe usijiharakishe.