Udongo Mwekundu kwenye Magoti ya Corinne

Abram-Village,
Kisiwa cha Prince Edward.
Jumapili, 22 Juni 2025

Mpendwa Dada Zélie,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Vipi hali yako, na ile nyonga uliyofanyiwa upasuaji inakuruhusu kupanda ngazi sasa? Na shemeji Norbert, kikohozi kimemwacha au bado anajifanya hana? Najua kwenu Yellowknife majira haya jua halitaki kuzama, basi naomba mfunge mapazia mlale, msikae mkipiga soga mpaka asubuhi kama vijana.

Sisi hatujambo. Mgongo unanikamata nikiamka, lakini nikishatembea kidogo unatulia. Viazi vimeota vizuri mwaka huu, hata shamba la chini ambalo hukaa na maji limeonyesha kijani.

Mwezi wa Mei ulinipigia simu mara mbili nikakukatiza, nikasema niko shambani. Sikuwa shambani, Dada. Nilikuwa nimekaa jikoni nikiona aibu. Leo watoto wamelala usingizi wa mchana, nimeona nikae nikuandikie yote, maana kwenye simu mimi maneno hunikauka.

Unajua kwamba binti yangu Monique aliingia kituo cha tiba ya ulevi kule Moncton mwezi wa Februari, akaniachia wanawe. Corinne ana miaka minane, Odette minne. Tangu Léona wangu afariki ni miaka minne, na katika ndoa yetu yote sikuwahi kufua hata soksi. Kupika nilijifunza. Nywele nikajifunza, ingawa Odette anasema namsuka kama mtu anayefunga gunia. Nguo ndizo zilizonishinda.

Theluji ilipoyeyuka mwezi wa Aprili, huu udongo wetu mwekundu uliingia kila mahali. Watoto walirudi wamepakaa mpaka masikioni. Mimi nikazipeleka nguo kwenye mashine, maji ya moto kabisa, nikamimina dawa ya klorini bila kupima, kisha nikazitia kwenye mashine ya kukaushia na moto wa juu. Zikitoka, doa limekuwa jekundu zaidi ya lilivyoingia. Nikaongeza dawa. Niliamini doa ni kama kisiki, ukikaza utaling'oa. Kufikia Mei, makabati ya wale watoto hayakuwa na nguo moja isiyo na rangi ya kutu.

Corinne hakuniambia neno. Odette ndiye aliyesema, tunakunywa uji, kwamba shuleni watoto wanamwita dada yake Kiazi. Nikamuuliza Corinne kama ni kweli. Akajibu kwamba si kitu, viazi ni vitamu, akachukua begi lake akatoka kwenda kungoja basi kabla ya saa yake.

Baada ya siku chache ikaja barua kutoka ofisi ya ulinzi wa watoto. Walisema wamepokea taarifa kuhusu usafi wa watoto wangu, na kwamba afisa atakuja kuangalia wanavyoishi. Kama hataridhika, huenda watoto wakatafutiwa nyumba nyingine mpaka mama yao apone. Niliisoma mara nne pale pale kwenye sanduku la posta, trekta likiwa linanguruma nyuma yangu.

Nikasema moyoni, huyu ni Eunice Ramsay tu. Unamkumbuka, jirani yetu aliyefanya kazi ya kufua mashuka hospitalini miaka thelathini. Siku tulipomzika Léona nilimsikia akinong'ona kwamba Monique ananuka pombe mbele ya jeneza la mama yake. Nilimtoa nyumbani mbele za watu, na tangu siku hiyo hatukusalimiana. Basi nikamshika Odette mkono, nikavuka barabara, nimejaa maneno mdomoni.

Alifungua mlango akiwa na aproni. Nikamsukumia ile barua nikamwambia asome kazi yake. Akavaa miwani, akaisoma taratibu mpaka mwisho, akanirudishia.

"Sikuandika mimi," akasema. "Ningekuwa na neno, Ulric, ningekuja kukwambia usoni. Wewe mwenyewe ulishanisikia nikisema ovyo. Uliwahi kunisikia nikiandika?"

Akainama, akaligusa goti la suruali ya Odette kwa kidole gumba, akalikwaruza, akanusa.

"Hii umeitia klorini."

Nikasema ndiyo.

"Na ukaikausha kwa moto."

Nikasema ndiyo.

"Basi hujafua, umepika. Mzee mzima unapigana na vinguo vya mtoto. Kalete kapu lote, na usiniletee hasira zako, zitanijazia jiko."

Dada, nilisimama pale mlangoni kitambo. Ningeweza kurudi nyumbani na kiburi changu. Lakini Odette alikuwa ameshaingia ndani, anamuuliza kama ana biskuti. Nikaenda kuleta kapu.

Wiki mbili nilikuwa mwanafunzi wake. Kila nikitoka shamba nilivuka barabara na nguo za siku hiyo. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kutogusa. Tope likiwa bichi liache likauke kabisa, kisha ulipukute nje kwa brashi kavu, na nusu ya kazi imekwisha. Mimi nilikuwa nalisugua likiwa bichi, kumbe nalisindilia ndani ya uzi. Halafu igeuze nguo, upitishe maji baridi kutoka upande wa ndani, ili doa litoke njia liliyoingilia. Kinachobaki unakiloweka kwenye siki na maji. Kama bado kinang'ang'ania, unakamulia limau, unanyunyiza chumvi, unaanika juani, na hapo ndipo utaona ile kutu inalegea. Klorini kwenye udongo wetu ni mwiko, inaukaanga ukabaki milele. Na mashine ya kukaushia haigusi nguo mpaka uishike dirishani na kuona doa halipo.

Akanifundisha na madoa mengine. Damu ni maji baridi tu, ukitia ya moto umeigandisha. Majani ni spiriti kidogo kwenye pamba. Mafuta ni sabuni ya vyombo kabla maji hayajagusa. Stroberi, kwenye kitambaa kizito cha pamba, unatandaza nguo juu ya bakuli na kumimina maji yanayochemka kutoka juu, mkono umenyooka. Hiyo Corinne aliipenda sana, lakini kushika birika hakuruhusiwa. Yeye naye alianza kuja baada ya shule, na ndiye aliyeshika haraka kuliko mimi. Eunice hakumsifu hata mara moja, alimkabidhi tu nguo ngumu zaidi. Nikaona mtoto anarefuka mgongo.

Nilimwomba Eunice radhi kwa yale ya mazishini. Alikuwa anakamua limau, hakuinua macho. Alisema yeye ndiye aliyekuwa na kosa, kwamba Léona alikuwa rafiki yake na yeye alichagua siku ile kumsema mwanawe. Kisha akaniambia limau la pili liko kwenye kabati, nilete.

Gauni moja lilitushinda. Ni lile la njano ambalo Monique alimshonea Corinne kwa mkono wiki moja kabla ya kwenda kituoni. Nilikuwa nimelipika mara tano au sita. Tuliliweka siki, tukalianika na limau siku nne, likafifia lakini mbele magotini pakabaki wingu la rangi ya tofali. Eunice alimwambia Corinne kweli bila kuzunguka, kwamba hilo halitoki tena na kuendelea kutalichana. Mimi nikatoka nje. Sikutaka mtoto aone uso wangu.

Afisa alikuja bila kutuarifu, Jumanne ya tarehe kumi mwezi huu. Anaitwa Bi. Parveen Dhillon, mama wa makamo, mpole wa sauti. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na alipoegesha gari, watoto wote wawili walikuwa kwenye mtaro wa shamba wakijenga bwawa. Odette huwezi kujua wapi nguo inaishia na mtoto anaanzia. Nikasema moyoni, Ulric, umekwisha.

Nikaanza kujitetea, maneno yakagongana. Bi. Dhillon akaniomba tu aione nyumba. Corinne akavua buti mlangoni, akanawa, akabadilisha, akambadilisha na mdogo wake, bila mtu kumwambia. Akaleta zile suruali zenye tope akazitundika kwenye kamba ya ukumbini. Mgeni akamuuliza kwa nini hazitii majini.

"Bado hazijakauka," Corinne akasema. "Ukizifua sasa hivi unalisaidia doa. Babu alikuwa analisaidia sana, ila siku hizi ameacha."

Bi. Dhillon aliuma mdomo asicheke. Alifungua makabati, akaona nguo zimekunjwa, akaangalia friji, vitanda, meno ya Odette. Akaongea na Corinne peke yake nusu saa nzima, na hiyo nusu saa, Dada, ilinizeesha. Alipotoka akanikuta nimesimama kwenye ngazi za nje, kofia mkononi.

"Mzee Gaudet," akasema, "mtoto mwenye tope hanisumbui, nimeona wengi na wana afya. Anayenisumbua ni yule ambaye hakuna anayembadilisha. Hawa watabaki kwako."

Atarudi tena Septemba kuona tunaendeleaje. Taarifa aliitoa mwalimu wa Corinne, nayo ndiyo kazi yake. Nilikwenda kumshukuru, akashangaa kuliko mimi.

Jumapili iliyopita tuliruhusiwa kumwona Monique kwa mara ya kwanza. Corinne alikuwa na magauni matatu safi kabisa kabatini, lakini akatoka chumbani amevaa lile la njano. Nilimwambia abadilishe, mama yake asije akaona lile doa akahuzunika. Akasema mama alilishona apate kuliona limevaliwa. Tukavuka daraja la kwenda bara hivyo hivyo.

Monique amenenepa kidogo usoni, mikono haitetemeki. Odette alimkimbilia, Corinne akabaki nyuma. Monique akapiga magoti mbele yake, akaliona gauni, akapitisha vidole pale penye wingu. Nikangoja machozi. Akanitazama.

"Nani amekuwa akifua, Baba?"

"Mimi," nikasema. "Hilo nililiharibu kabla sijafundishwa. Mengine yametakata."

Akaniuliza nani amenifundisha, nikamtajia Eunice. Naye anajua kilichosemwa siku ya mazishi. Kisha akawakumbatia wote wawili kwa pamoja, na Corinne akamlegea begani, jambo ambalo sijaliona tangu mwaka juzi.

Wamempangia kutoka tarehe mbili Agosti. Najua, Dada, tuliwahi kufurahi mapema siku zilizopita, na sitakwambia safari hii ni hakika. Ila jana alipiga simu, akauliza kama nguo za wiki nimeshafua. Nikajibu nusu. Akasema, "Zile za Agosti niachie, Baba. Usizimalize." Ni miaka mitatu sijamsikia akiniomba nimwachie kazi.

Nakuomba uje wakati huo kama nyonga itakubali. Kitanda kipo, na Eunice amesema atakuonyesha mwenyewe jinsi ulivyoharibu vitambaa vya meza vya Mama.

Msalimie sana shemeji Norbert, na mwanao Réjean na mkewe. Corinne anakusalimu, Odette anakusalimu na anauliza kama huko kwenu kuna tope. Mungu awe mlangoni kwenu kila mnapoingia na kila mnapotoka, na atukutanishe tukiwa wazima.

Mimi mdogo wako akupendaye siku zote,

Ulric