Sweta Langu Mwilini mwa Oddny

Mama,

Nimewahi treni ya saa tatu, narudi bwenini siku moja mapema. Supu ya samaki iko jikoni, ipashe tu. Mbwa nimeshamtembeza, Sverre asije akasema ni yeye.

Nisamehe kikombe. Asubuhi Tuva, yule ninayekaa naye chumba kimoja shuleni, alinitumia picha wakiteleza thelujini na Oddny, msichana wa chumba cha jirani. Oddny amevaa sweta langu ulilonifumia! Nilimpa Tuva, sikumpa yeye. Sverre akachungulia, akacheka: “Dada, mbona umefura hivyo? Kwani Tuva ni mchumba wako?” Nikakibamiza kikombe mezani, kikapasuka.

~~Ni rafiki yangu tu, Mama.~~

Hapana. Nampenda, tangu majani yalipoanza kupukutika, na sijamwambia. Oddny ana maneno matamu, hatachelewa kama mimi. Wivu umenishika, hata mkate wangu nimempa mbwa.

Nitamwambia leo, kabla kengele ya chakula cha jioni haijalia.

Sverre, jibini la kahawia limekwisha, kanunue.

Ijumaa nikija naye, tandikeni kitanda cha wageni. Nikija peke yangu, Mama, usiniulize kitu. Nikumbatie tu.

Binti yako